Nani apige wa kwanza? Mipangilio ya wapigaji ubavu kwa ubavu kabla ya msimu wa besiboli wa 2026

Kila Februari timu 30 za ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, zikiingia kambini Florida na Arizona, mashabiki nao hushika kalamu. Majina tisa yanaandikwa, yanafutwa, yanaandikwa tena. Nani apige wa kwanza? Nyota awe wa pili au wa tatu? Mashoto wawili wafuatane, au wachanganywe na wa kulia? Msimu wa 2026 umeongeza swali la mdakaji, anayedaka mipira nyuma ya mpigaji, kwa sababu namna ya kuamua straiki (mpira mzuri ambao mpigaji ameuacha au kuukosa) imebadilika. Hapa chini machaguo yamewekwa ubavu kwa ubavu, kila moja na gharama yake. Mifano mingi inatoka Phillies wa Philadelphia, Yankees wa New York na Dodgers wa Los Angeles, timu ambazo misimu yao ya karibuni imeyajibu maswali haya hadharani, na si mara zote kwa jibu moja.

Anza na hesabu ya zamu

Orodha ya wapigaji inazunguka: wa tisa akimaliza anarudi wa kwanza, na mechi inaweza kuishia kwa yeyote. Ndiyo maana kila nafasi moja unayomshusha mchezaji inamnyima wastani wa zamu 0.11 za kupiga kwa mechi. Zidisha kwa mechi 162, utapata kama zamu 18 kwa msimu. Mpigaji wa kwanza asiyekosa mechi hufikisha takriban zamu 750. Wa tisa huishia kwenye 610 hivi. Kumweka mpigaji wako bora nafasi ya tano badala ya ya pili ni kumnyang'anya zamu zaidi ya 50 na kuwagawia wenzake waliomzidi nafasi bila kumzidi uwezo.

Hesabu hiyo hiyo ina upande unaopoza ugomvi. Ukichukua majina yale yale tisa, tofauti kati ya mpangilio bora kabisa na ule wa kawaida wa kocha ni mikimbio (pointi za kuzunguka besi hadi nyumbani) 10 hadi 15 kwa msimu mzima, na kila mikimbio 10 ina thamani ya ushindi mmoja hivi. Kukesha mkibishana nani awe wa sita na nani wa saba ni kupoteza usingizi bure. Hoja ziwekwe kwenye nafasi ya 1, ya 2 na ya 4, kisha zihamie kwenye swali zito kuliko yote: nani acheze na nani akae benchi.

Kipimo kitakachorudi mara nyingi hapa ni kiwango cha kufika besi, yaani katika zamu zake zote, ni mara ngapi mchezaji amefika besini bila kutolewa, iwe kwa kupiga, kwa besi ya bure baada ya mipira minne mibovu, au kwa kugongwa na mpira. Wastani wa kupiga, ule unaoandikwa kwa herufi kubwa kwenye televisheni, hauhesabu besi za bure. Hapo ndipo wengi wanapopotea.

Nafasi ya 1: mwenye mbio au mwenye subira

Desturi inamtaka wa kwanza awe mwepesi. Jina linalotajwa daima ni Rickey Henderson, aliyeiba besi (kukimbilia besi inayofuata kabla mpira haujapigwa) 130 mwaka 1982 na 1,406 katika maisha yake yote ya uchezaji. Wanaomtaja husahau nusu ya sifa zake: kiwango chake cha kufika besi kilikuwa 0.401. Mbio zake zilipata kazi kwa kuwa alikuwa besini kila mara. Mwenye mbio asiyefika besi anawahi benchi tu.

Phillies wana watu wawili wanaoliweka swali hili peupe.

| | Kyle Schwarber | Trea Turner |
|---|---|---|
| Upande wa kupigia | kushoto | kulia |
| Wastani wa kupiga, 2023 | 0.197 | 0.266 |
| Kufika besi, 2023 | 0.343 | 0.320 |
| Homurani (mpira kuvuka uzio), 2023 | 47 | 26 |
| Wastani wa kupiga, 2025 | 0.240 | 0.304 |
| Kufika besi, 2025 | 0.365 | 0.355 |
| Homurani, 2025 | 56 | 15 |

Mwaka 2023 Schwarber alipiga wa kwanza akiwa na wastani wa 0.197, na kelele zilikuwa nyingi. Lakini alichukua besi za bure 126. Kwa zamu 750, ile tofauti ya 0.023 kati yake na Turner ni kufika besi mara 17 zaidi. Waliopiga kelele walikuwa wanasoma safu isiyo yao.

Mwaka 2025 tofauti ilisinyaa hadi 0.010, sawa na mara 7 au 8 kwa msimu, huku pengo la homurani likifikia 41. Hapo jibu linageuka. Turner, bingwa wa wastani wa kupiga wa National League (nusu moja ya MLB; nyingine ni American League) mwaka huo, akae wa kwanza, na Schwarber amfuate ili homurani zake zikute mtu besini. Phillies walifanya hivyo sehemu kubwa ya msimu, na Schwarber akaingiza mikimbio 132, yaani iliyopatikana kwa mapigo yake.

Homurani ya mpigaji wa kwanza inayofungua mechi huleta mkimbio mmoja, hata mpira ukienda mita 140. Schwarber alifungua mechi namna hiyo mara 15 mwaka 2024, rekodi iliyoipita ile ya Alfonso Soriano ya mara 13 mwaka 2003. Raha kwa mashabiki ilikuwa kubwa, lakini ni mikimbio 15 tu. Mipira hiyo hiyo ikipigwa na mtu yuko besini, hesabu inakaribia kuzidishwa mara mbili.

Ukitaka kanuni ya kushika mkononi: tofauti ya kufika besi ikizidi 0.015, mchague mwenye subira hata kama ni mzito. Ikiwa chini ya hapo, mchague mwenye mbio na umweke mwenye nguvu nyuma yake.

Mbio zenyewe zimepanda bei tangu 2023. Besi ziliongezwa kutoka inchi 15 hadi 18, na mrushaji akawekewa kikomo cha kuuacha mlima wake (kituta anachorushia) mara mbili kwa kila mpigaji. Ligi nzima iliiba besi 2,486 mwaka 2022. Mwaka uliofuata 3,503. Turner aliiba 30 mwaka huo bila kukamatwa hata mara moja. Pamoja na hayo, wizi una masharti. Kuhama kutoka besi ya kwanza hadi ya pili bila auti (mtu kutolewa) kunaongeza matarajio ya timu kwa takriban mkimbio 0.25, ilhali kukamatwa kunayapunguza kwa kama 0.6. Ukipiga hesabu, anayefaulu chini ya mara 7 katika 10 anaiumiza timu yake. Tena, ukiiba besi ya pili mbele ya mpigaji hatari, unaiacha ya kwanza wazi na kuwapa wapinzani kisingizio cha kumpa mpigaji huyo besi ya bure makusudi. Mbele ya Schwarber, Turner hana haja ya kukimbia kila anapoweza. Homurani itamleta nyumbani kutoka besi yoyote.

Nyota: nafasi ya 2 au ya 3

Kwa miaka mingi wa tatu ndiye aliyekuwa mfalme. Kasoro ya nafasi hiyo inaonekana ukifanya hesabu ya iningi ya kwanza (iningi ni raundi ambayo kila timu hupiga hadi watu wake watatu watolewe). Wawili waliotangulia wakiwa na kiwango cha kufika besi cha 0.340 kila mmoja, uwezekano wa wote wawili kutolewa ni 0.66 mara 0.66, karibu 0.44. Maana yake katika mechi 44 kati ya 100 nyota wako anaanza kazi na auti mbili, besi tupu. Akipiga hadi besi ya pili, mtu wa nne akitolewa, mambo yamekwisha. Wa pili hakumbani na balaa hilo katika iningi ya kwanza, na juu yake anapata zile zamu 18 za ziada.

Aaron Judge wa Yankees amecheza nafasi zote mbili, na ulinganisho wake una mtego ndani yake.

Mwaka 2024 alikuwa wa tatu, nyuma ya Juan Soto aliyefika besi kwa kiwango cha 0.419. Judge alipiga homurani 58 na kuingiza mikimbio 144. Soto akahamia Mets, na mwaka 2025 Judge akapiga wa pili mara nyingi: homurani 53, wastani wa 0.331 uliompa ubingwa wa American League, lakini mikimbio aliyoingiza ikashuka hadi 114. Kuna waliosema ameshuka. Hakushuka. Kiwango chake cha kufika besi kilikuwa 0.458 mwaka wa kwanza na 0.457 wa pili. Kilichobadilika zaidi ni watu waliokuwa besini alipofika, pamoja na wapinzani kumpa besi ya bure makusudi mara 36, rekodi ya American League. Mikimbio ya kuingiza inapima majirani karibu sawa na inavyompima mpigaji. Usiitumie kumhukumu mtu aliyebadilishiwa nafasi.

Basi lini wa tatu ni sawa? Pale wawili wa mbele wote ni wazuri mno. Rudia hesabu ukimweka Soto: 0.66 mara 0.58 ni 0.38. Zile mechi 44 zinapungua hadi 38, na anapopiga, mara nyingi kuna mtu wa kumleta. Kama huna Soto, nyota ni wa pili. Nafasi ya tatu mpe mpigaji mwenye besi mbili (mapigo ya kumfikisha besi ya pili) na homurani za kutosha ambaye si mmoja wa watatu wako bora. Inasikika kama dharau kwa nafasi yenye heshima zake, lakini hesabu haina heshima ya namna hiyo.

Kilichobaki kwa Yankees ni mtu wa kumtangulia. Mechi ya kufungua msimu wa 2025 walimweka mdakaji, Austin Wells, naye akafungua kwa homurani. Hakuna mdakaji aliyewahi kufanya hivyo siku ya kwanza ya msimu. Nafasi hiyo hakudumu nayo. Trent Grisham, mwenye macho ya kuchagua mipira, alikuwa jibu bora zaidi mwaka huo na akamaliza na homurani 34. Siku moja ya shangwe isikupangie msimu.

Dodgers: Ohtani wa kwanza, lakini nani anamfuata?

Shohei Ohtani alihamia nafasi ya kwanza Juni 2024 baada ya Mookie Betts kuvunjika mkono, na msimu huo akamaliza na homurani 54 na besi 59 za kuiba. Mwaka 2025: homurani 55, mikimbio 146 aliyokimbia mwenyewe, lakini 102 tu ya kuingiza. Wanaotaka ashushwe hadi wa pili au wa tatu huishika namba hiyo ya mwisho. Hoja yao ina ukweli, kwani mbele yake kuna wa nane na wa tisa, ambao kwa kawaida ndio dhaifu. Ila mtu anayefika besi kwa 0.392 na mwenye mbio ni wa kwanza hata kwa kipimo cha zamani. Anayepaswa kubadilika ni jirani.

Fainali za 2025 dhidi ya Blue Jays wa Toronto zilionyesha hivyo. Mechi ya tatu, Oktoba 27, ilikwenda iningi 18. Ohtani alifika besi mara 9: homurani mbili, besi mbili mara mbili, na besi tano za bure, nne kati ya hizo za makusudi. Nyuma yake alikuwa Betts, ambaye msimu mzima alifika besi kwa 0.326 tu, wa chini kabisa kwake. Blue Jays walifanya biashara rahisi: mruke huyu, mkabili yule. Dodgers walishinda 6-5 kwa homurani ya Freddie Freeman, lakini walikuwa wameonyeshwa tundu.

Weka wawili ubavu kwa ubavu. Betts: 0.326, bila nguvu zake za miaka ya nyuma. Will Smith, mdakaji: 0.404, na wastani wa kupiga wa 0.296. Kuanzia mechi ya tano kocha Dave Roberts alimpandisha Smith hadi wa pili. Mechi ya sita, iningi ya tatu, Blue Jays walimpa tena Ohtani besi ya makusudi. Smith akapiga besi mbili na kuingiza mkimbio. Freeman akapata besi ya bure. Betts, sasa wa nne, akaingiza miwili. Dodgers walishinda 3-1, na mikimbio yote mitatu ilitoka katika iningi hiyo.

Kwa hiyo chaguo la msimu mpya, kwa macho yetu, ni Ohtani, Smith, Freeman. Pingamizi lake ni la kweli: mdakaji huchoka. Smith akipumzika siku moja kati ya nne au tano, nafasi ya pili itakuwa na mtu mwingine kila wiki. Hilo si baya. Kinachoharibu ni kumrudisha mtu mmoja kwenye nafasi ya pili kwa jina lake la zamani.

Kuna na wasiwasi wa siku anayorusha mwenyewe. Tangu 2022 kanuni inamruhusu mrushaji wa kuanza awe pia mpigaji maalumu (anayepiga kwa niaba ya mrushaji bila kucheza ulinzi) na abaki kupiga hata akishatoka mlimani. Nyumbani kwao hurusha nusu ya kwanza ya iningi, kisha mara moja ni zamu yake ya kupiga. Muda wa kuvaa na kupumua ni mdogo. Wengi walisema ashushwe siku hizo. Oktoba 17, 2025, dhidi ya Brewers, alitoa watu watatu kwa straiki katika iningi ya kwanza, akachukua kirungu, akafungua kwa homurani, na akaongeza mbili nyingine baadaye. Mechi moja si ushahidi wa msimu, ila imewanyima wenye wasiwasi huo mfano.

Mashoto wakifuatana, au kushoto na kulia kwa zamu

Mpigaji wa kushoto humwona vibaya mrushaji wa kushoto. Hilo halina ubishi. Zamani, ukiweka mashoto wawili pamoja, kocha mpinzani alileta mrushaji mashoto kwa ajili yao tu kisha akamtoa. Tangu 2020 mrushaji anayeingia lazima awakabili wapigaji watatu au amalize iningi. Ukipanga kushoto, kulia, kushoto, yule mrushaji analazimika kumkabili na wa kulia wa katikati, na huko ndiko anakoumia.

Kwa Phillies, Schwarber na Bryce Harper wote ni mashoto. Mtu wa kulia katikati yao ni kinga nzuri iwapo hapungui sana kwa uwezo. Akipungua sana, umelipa zamu za kila siku ili kujikinga na iningi ya saba. Schwarber mwaka 2025 aliwapiga warushaji mashoto vizuri kuliko ilivyozoeleka, kwa hiyo hapo kinga haina dharura. Kwa mashoto wa kawaida, changanya.

Mmoja wa kila siku au wawili wa kupokezana

Hapa ndipo mabishano yanapostahili muda. Karibu 7 kati ya warushaji 10 ni wa kulia, kwa hiyo mashoto wa kupokezana hucheza kama mechi 110 na mwenzake wa kulia hubaki na 50 hivi. Giants wa 2021 walishinda mechi 107 wakitumia sana mtindo huu; hawakuwa na majina makubwa kuwazidi wapinzani wao.

Bei yake ni benchi. Timu ina wachezaji 26, warushaji wasizidi 13. Bakia ni 13, toa tisa wanaoanza, unabaki na wanne: mdakaji wa pili, mtu wa kuziba uwanja wa ndani, mtu wa uwanja wa nje, na mmoja wa ziada. Ukitaka jozi mbili za kupokezana, wale wa kuziba lazima wawe nusu ya jozi hizo, na siku mtu akiumia iningi ya nne mpango wote unalegea. Dodgers wana unafuu hapa, maana Ohtani akisajiliwa kama mchezaji wa pande mbili hahesabiwi katika wale warushaji 13.

Mtindo huu huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni hila za kocha mpinzani. Oktoba 17, 2018, Dodgers walipanga wapigaji wao kwa ajili ya mashoto Wade Miley wa Brewers. Miley alimkabili mpigaji mmoja, akatolewa, akaingia Brandon Woodruff wa kulia. Leo kanuni ya wapigaji watatu inaifanya hila hiyo kuwa ghali, lakini mrushaji wa kufungua iningi moja bado anaruhusiwa. Ya pili ni sisi wenyewe kusoma namba ndogo. Mpigaji hupata kama zamu 100 hadi 150 kwa mwaka dhidi ya mashoto. Hizo hazitoshi kusema hawawezi. Chukua misimu mitatu, na kama mchezaji ni kijana chini ya miaka 25, mpe zamu zote kabla ya kumfunga kwenye nusu ya kazi.

Mpigaji maalumu: mmoja au kila mtu kwa zamu

Dodgers hawana swali, nafasi ni ya Ohtani. Kwa timu nyingine, mpigaji mzito asiyeweza ulinzi aibebe nafasi hiyo peke yake ikiwa tu anapiga wazi kuliko mtu wa kumi wa kikosi. Asipozidi kwa mengi, ni afadhali nafasi hiyo iwe ya kupumzishia miguu: leo mdakaji, kesho mtu wa uwanja wa nje mwenye umri. Cal Raleigh wa Mariners, mdakaji aliyepiga homurani 60 mwaka 2025, alibaki kwenye orodha siku nyingi asizodaka kwa njia hiyo.

Tahadhari moja: mpigaji maalumu akiingia kucheza ulinzi, timu inaipoteza nafasi hiyo hadi mwisho wa mechi na mrushaji anaingia kwenye orodha ya wapigaji. Ndiyo maana makocha husita kuwatumia wadakaji wote wawili siku moja, anayedaka akiumia.

Mdakaji: mikono au kirungu

Kuanzia 2026 kila timu ina rufaa mbili kwa mechi juu ya uamuzi wa straiki au mpira mbovu. Anayeruhusiwa kukata rufaa ni mpigaji, mrushaji au mdakaji peke yake, papo hapo, kwa kugusa kofia, bila msaada kutoka benchi. Ukishinda rufaa inabaki, ukishindwa imeondoka. Kamera hupima mpira katikati ya bamba la nyumbani, lenye upana wa inchi 17, kati ya asilimia 27 na asilimia 53.5 ya urefu wa mpigaji. Mchezaji wa sentimita 200 ana eneo la kuanzia sentimita 54 hadi 107. Wa sentimita 170, kuanzia 46 hadi 91.

Wapo wanaosema sasa mdakaji hodari wa kuudaka mpira wa pembeni ukaonekana straiki hana kazi tena. Si kweli. Mipira mingi kwa mbali itaendelea kuamuliwa na mwamuzi, na wapinzani wana nafasi mbili tu za kukosea. Kilichopungua ni thamani ya ujanja huo katika mipira mikubwa ya mwisho wa mechi, pale rufaa zinapotunzwa. Kwa hiyo ukiwa na mdakaji wa mikono na mwingine wa kirungu wanaokaribiana, mizani imesogea kidogo kuelekea kwa kirungu. Wakiwa mbali kwa ulinzi, bado mikono. Na ongeza kigezo ambacho hakikuwapo: nani anajua lini asikate rufaa. Anayeichoma katika iningi ya pili, besi tupu, ataikumbuka ya nane.

Namba za kambini za kupuuza, na za kusoma

Mpigaji hupata kama zamu 50 hadi 60 kambini, nyingi dhidi ya warushaji ambao hawatakuwa ligi kuu Aprili. Arizona kuna hewa kavu na mpira husafiri. Wastani wa 0.400 wa Machi usikusogezee mtu hata nafasi moja. Ukitaka kusoma kitu, soma kasi ya mrushaji anayerudi kutoka kwenye jeraha, anayeletwa kucheza nafasi ya ulinzi aliyokuwa hachezi, na nani anapangwa na nani wiki ya mwisho.

Kwa nafasi ya mwisho ya benchi, angalia mkataba kabla ya kirungu. Mchezaji mwenye miaka ya kushushwa iliyobaki anaweza kupelekwa ligi ndogo na kurudishwa, hadi mara tano kwa msimu. Aliyeimaliza miaka hiyo mitatu hawezi kushushwa bila kwanza kutolewa kwa timu nyingine zimchukue zikitaka. Wawili wakilingana, aliyeishiwa ndiye hubaki, hata kama mwenzake amepiga vizuri zaidi Machi. Usimlaumu kocha.

Kwa walioko Afrika Mashariki, mechi ya saa 1:05 usiku New York huanza saa 8:05 usiku, na ya saa 1:10 usiku Los Angeles huanza saa 11:10 alfajiri. Orodha ya wapigaji hutolewa saa tatu au nne kabla, kwa hiyo ya Yankees utaiona kati ya saa 4 na saa 5 usiku, kabla ya kulala. Tazama kwanza jina la mrushaji mpinzani na mkono wake, kisha nafasi ya 2.